Kumtafuta Mkuu wa Wilaya ya Okumi

Kila ninayekutana naye sokoni Mwanga, hapa Kigoma, ananiuliza swali lilelile: "Mama Mtendaji, eti ulikwenda Japani kufanya nini?" Nimechoka kulijibu nusunusu, nimesimama juani na kikapu cha nyanya mkononi. Naandika mara moja, msome wote. Nilikwenda kupeleka barua kwa mkuu wa wilaya, na mkuu wa wilaya mwenyewe hakuwepo. Si kwamba alikuwa amesafiri. Hakuwepo kwa karibu miaka mia moja.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, nyumba yangu iko Katubuka, na kazi yangu ni utendaji wa kijiji cha Rubanga. Ukishapita Kidahwe unaiacha barabara ya Kasulu, unaanza kupanda. Kijiji kina pande mbili. Wa Chini wako karibu na barabara, wana soko na shule. Wa Juu wako kilimani, na mjamzito wao akishikwa na uchungu anashushwa kwa machela hadi zahanati. Kwa hiyo watu wa Juu waliomba wawe kijiji chao wenyewe, na kusema kweli hata wa Chini hawakuwa na hoja ya kuwakatalia. Kilichotushinda ni jina. Wa Juu walisema Rubanga ni jina la kilima chao, na waliokipa jina hilo wamezikwa kulekule. Wa Chini walisema Rubanga inayojulikana na watu ni ile yenye soko. Kila upande ulitaka mwenzake ndiye akatafute jina jipya.

Miaka miwili tulibaki hapo. Mwanzoni yalikuwa maneno ya mikutanoni tu. Halafu Mzee Bikorwa, anayesikilizwa kuliko wote kule Juu, akafiwa na mkewe, na kutoka Chini wakapanda watu wa kuhesabika kwa vidole. Nilikuwepo. Wachimba kaburi walikuwa wachache mno kiasi kwamba mfiwa mwenyewe alishika jembe. Alilichimba lile shimo, na alipomaliza alinitazama mimi, kwa sababu ndimi niliyevaa kitambulisho cha serikali shingoni.

Mwezi uliofuata ulikuja mwaliko. Haruka, binti wa Kijapani aliyekaa kijijini kwetu miaka miwili akifundisha kilimo cha mboga, alikuwa amerudi kwao na kuajiriwa kwenye ofisi ya mji wake. Mji ule hualika kiongozi mmoja wa kijiji cha ugenini, akae nao siku kumi aone maisha ya shamba. Safari hii waliniomba mimi. Mwaliko ulisema: Mji wa Fukado, Wilaya ya Okumi.

Nilipoutangaza kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti wetu Mzee Ruhuza, ambaye ni wa Chini, alinyoosha kidole.

"Hiyo wilaya ina mkuu wa wilaya?"

"Bila shaka inaye," nikasema. Wilaya gani haina mkuu wa wilaya?

"Basi tumuulize yeye habari ya jina. Hana shemeji hapa wala hapakani na shamba la mtu."

Watu walicheka. Lakini Mzee Bikorwa akasimama kule nyuma, katika darasa tulimokuwa tumekaa, akasema, "Mimi nakubali. Ila jibu lije na muhuri."

Kicheko kikakatika. Barua ikaandikwa palepale: "Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Okumi. Sisi wa Rubanga hatujambo. Tunauliza, kijiji kikigawanyika, au viwili vikiungana, jina linakwenda kwa nani? Utakavyosema ndivyo tutakavyofuata." Nilimsihi Mzee Ruhuza afute hiyo sentensi ya mwisho. Alikataa. Niliikunja barua nikiwa na wasiwasi, maana sasa haikuwa ziara tena.

Katonga, saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kuondoka. Nilikwenda mwaloni kununua dagaa wa zawadi, mitumbwi ikiwa ndiyo kwanza inashusha. Mama aliyenipimia dagaa wakavu aliuliza nawapeleka wapi.

"Japani."

Aliacha kupima. "Hao si wana bahari pande zote?"

"Wana bahari. Tanganyika hawana."

Aliniongezea viganja viwili. "Wape na hawa. Waambie wametoka kwa Mama Siwema."

Mchana nilipanda treni. Safari ya Kigoma hadi Dar es Salaam mnaijua, sina la kuwasimulia: Uvinza usingizi, Tabora asali, Dodoma zabibu, na jirani wa kiti ambaye hadi mnafika Morogoro unajua magonjwa ya ukoo wake mzima. Wangu alikuwa mwalimu mstaafu. Nilimwonesha barua. Aliisoma mara mbili, akasahihisha koma, akanirudishia.

Dar es Salaam, siku ya tatu, nikapanda ndege. Tulibadilisha ndege Uarabuni, nikaswali kwenye chumba kidogo cha uwanja wa ndege, kisha tukaruka tena mpaka nikapoteza hesabu ya milo. Tulipotua Tokyo, ofisa wa forodha aliufungua mfuko wangu wa dagaa. Nikajua basi, yamenikuta. Aliwanusa. Akamwita mwenzake, naye akanusa. Wakazungumza kwa furaha, mmoja akatoa simu na kunionesha picha ya supu yenye visamaki vikavu vidogo, ndugu kabisa wa hawa wa Mama Siwema. Alinifungia mfuko vizuri kuliko nilivyoufunga mimi.

Haruka alikuwa nje ananingoja. Alinikumbatia akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye, Mama Mtendaji!" kwa sauti ileile ya watu wa Rubanga, mpaka mzee mmoja wa Kijapani aliyekuwa akipita akageuka kutazama. Kiswahili chake chote alikiokota kwetu, kwa hiyo anazungumza kama mkulima wa Kiha wa makamo. Nilicheka hadi machozi, nadhani ni uchovu pia.

Kutoka Tokyo tulipanda treni tatu, na kila moja ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia. Ya kwanza ilikuwa ile ya kasi, inayokwenda huku kikombe cha chai hakitikisiki. Ya pili ilikuwa ya wanafunzi na wenye vikapu. Ya tatu ilikuwa behewa moja tu, dereva mmoja na abiria watano, na ilipanda bonde kati ya milima yenye misonobari iliyosimama kama imepangwa kwa kamba. Chini yetu mto, kando ya mto majaruba ya mpunga. Nyumba zilikuwa nzuri, mapaa ya vigae vyeusi. Nilichukua muda kutambua kilichokosekana. Hapakuwa na mtu nje.

Alasiri hiyo tulifika stesheni ya mwisho, tukaingia kwenye gari la Haruka. Barabarani palikuwa na kibao, Haruka akanisomea: "Hapa ndipo inapoanzia Wilaya ya Okumi." Nikajitengeneza mtandio. Nikauliza ofisi ya mkuu wa wilaya iko umbali gani, maana nilitaka nikishapumzika tu nikabidhi barua.

Haruka akapunguza mwendo. "Mkuu wa wilaya?"

"Nina barua yake."

Alisimamisha gari pembeni kabisa. "Mama, hatuna. Mimi nilitafuta neno kwenye kamusi, kamusi ikasema wilaya. Lakini yetu ni jina tu. Haina mkuu. Haina ofisi. Haina hata mfagizi."

Nilimtazama. "Sasa nani anaitawala?"

"Hakuna anayeitawala. Ipo tu."

Jioni, nyumbani kwa wazazi wake, alinichorea kwenye karatasi, nami nawapa kama nilivyoelewa. Zamani sana, zaidi ya miaka elfu moja, watawala wa Japani waliigawa nchi yao katika vipande, na Okumi ni kipande kimoja cha huko. Wafalme walipita, mabwana wa vita walipita, jina likabaki. Baadaye, serikali ya kisasa ilipoanza, wilaya zikapewa ofisi, mkuu wa wilaya na baraza. Hazikudumu. Kabla babu zetu wengi hawajaoa, serikali ileile ilizifuta ofisi ikaona mikoa, miji na vijiji vinatosha. Lakini jina halikufutwa. Likabaki kwenye ramani na kwenye anwani za barua: mkoa fulani, wilaya ya Okumi, mji fulani, nyumba fulani.

Na kuna sheria moja iliyonichekesha. Ndani ya wilaya hukaa miji midogo na vijiji tu. Mji ukikua ukaitwa jiji, au ukimezwa na jiji la jirani, unatoka kwenye wilaya. Okumi ilikuwa na miji na vijiji vingi. Vikaungana, vikamezwa, kimoja kimoja vikaondoka. Leo umebaki mji mmoja, Fukado, na kijiji kimoja, Inomi, mlimani. Siku hivyo viwili vikiondoka, Okumi yote, na miaka yake elfu, itafutwa kwenye anwani.

"Kwetu tunagawanya," nikasema.

"Kwetu tunaunganisha," Haruka akasema.

Mama yake alikuwa ametupikia ugali, kwa heshima yangu. Unga aliopata dukani ulikuwa wa keki, una sukari. Tuliula wote, kimya, kwa adabu kubwa.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda kwa mkuu wa mji wa Fukado. Ni mtu aliyechaguliwa na wananchi, mnene, mcheshi, viatu kavua mlangoni. Alinipa kadi yenye jina lake kwa mikono miwili. Mimi sina kadi, nikampa dagaa kwa mikono miwili. Aliwala watatu palepale wakavu hivyohivyo, akafumba macho. Halafu nikatoa barua. Haruka alipomtafsiria, alicheka, kisha akaona sicheki.

"Swali hili ni zito," alisema. "Lakini mimi ni wa mji. Nikijibu kwa jina la wilaya nitakuwa nimewajibia na watu wa Inomi, na Inomi walikataa kuungana na sisi. Wananinunia hadi leo."

Aliirudisha barua kwa mikono miwili.

Siku ya pili tukapanda Inomi. Mkuu wa kijiji alitupokea ofisini kwake, chumba kidogo chenye jiko la mafuta na kalenda ya wavuvi. Alikuwa mkavu wa maneno. Aliisoma tafsiri aliyoiandika Haruka, akakuna shavu.

"Nikiigongea muhuri hii kwa niaba ya wilaya," alisema, "kesho Fukado wataniuliza nani kanitawaza."

Tulipotoka nilimwambia Haruka, "Hawa ni watu wa Rubanga kabisa. Nimesafiri bure."

Naye akacheka, lakini mimi moyoni nilianza kuogopa. Siku zilikuwa zinakwenda. Asubuhi wananionesha mashamba ya uyoga, mitambo ya kupandia mpunga, duka la ushirika. Jioni nakula samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi, mtamu kukaribia mgebuka wetu wa ziwani, ila hamfikii. Walinipeleka hata kwenye bafu lao la maji ya moto yatokayo ardhini. Wenzangu huko wanaoga pamoja, watupu, wanapiga soga. Nilisema hapana, mimi nimezaliwa Ujiji. Mama yake Haruka akazungumza na mwenye bafu, nikapewa nusu saa peke yangu na mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye yale maji hadi kidevuni nikimfikiria Mzee Bikorwa na jembe lake.

Siku ya tano, saa kumi na moja jioni, tulikuwa tumeketi barazani kwa wazazi wa Haruka. Ghafla vipaza sauti vikaanza kupiga muziki bonde zima, wimbo mpole kama wa kubembeleza, kisha sauti ya mwanamke ikasema maneno machache.

"Wanasema nini?"

"Watoto, jioni imefika, rudini nyumbani."

Nikatazama barabara, majaruba, uwanja wa shule ng'ambo ya mto. Nilikuwa na siku tano pale na nilikuwa sijamwona mtoto hata mmoja akicheza.

"Watoto gani?"

Haruka akautazama ule uwanja. "Walikuwepo," alisema. "Shule ilifungwa. Hakuna aliyetaka kuuzima muziki."

Muziki ulipokwisha akaniambia, "Mama Mtendaji, tuandike jibu wenyewe. Mimi naweza kutengeneza muhuri mzuri mjini. Nani atajua?"

Siwafichi, nilifikiria. Niliona kabisa ile karatasi, maandishi ya Kijapani na muhuri mwekundu, na Rubanga nzima wakiipokea. Ningeweza hata kuamua mimi jina liende wapi. Kilichonizuia ni kwamba Mzee Bikorwa alikuwa amekubali. Mtu aliyemchimbia mkewe kaburi alisimama mbele ya watu akasema nakubali. Siwezi kumpelekea karatasi ya uongo.

"Hapana," nikasema. "Nitarudi nayo kama ilivyo, nitawaambia hayupo."

"Basi kesho nikupeleke kwenye ofisi yake angalau uione," Haruka akasema. "Jengo lipo. Kuna bibi anatunza funguo."

Siku ya sita tulikuta mlangoni mwa jengo hilo kigari kidogo cheupe cha mizigo kimeegeshwa vibaya. Mwenyewe alitoka ndani akiwa na gumboti na kofia ya nyasi: Bi Tomiko, miaka themanini na kitu, mwembamba, sauti kubwa. Babu yake alikuwa karani wa ofisi hiyo siku ilipofungwa. Alikabidhiwa funguo azitunze hadi serikali itume mtu wa kuzichukua, na serikali haikutuma mtu. Zikaenda kwa baba yake, kisha kwake. Jengo ni la mbao, ghorofa moja, limepakwa rangi nyeupe, na ndani linanuka nta. Kila wiki anasugua sakafu.

Nilisalimia kwa kuinama kama nilivyofundishwa, halafu maneno yakanitoka yenyewe, "Shikamoo, bibi." Haruka akamweleza maana yake. Bi Tomiko akaniuliza anajibuje, nikamfundisha. "Marahaba!" akasema kwa nguvu, akaipenda, akairudia mara tatu akipanda ngazi.

Juu kulikuwa na chumba cha mkuu wa wilaya, meza na kiti chenye mikono. Alinilazimisha nikae. Nilikaa. Kwa dakika moja, ndugu zangu, mtendaji wenu alikuwa mkuu wa Wilaya ya Okumi, na hapakuwa na mtu wa kupinga. Bi Tomiko alicheka akipiga magoti yake. Nami nikaona hakuna ubaya kumwonesha barua na ile tafsiri yake.

Aliacha kucheka alipofika katikati.

"Nani wanagombana?" aliuliza.

"Ndugu," nikasema. "Wa Juu na wa Chini. Wameoana wote."

"Wanazikana?"

Sikutegemea swali hilo. Nikamweleza yote, habari ya mke wa Mzee Bikorwa, wachimbaji wachache, jembe. Haruka alitafsiri kwa sauti ya chini. Bi Tomiko alisimama dirishani akitazama mto.

"Unajua Fukado maana yake nini?" akauliza. "Maana yake ni mlango wenye kina. Nani anaishi kwenye mlango wenye kina? Hakuna. Palikuwa na vijiji viwili, Fukase na Kawado. Baada ya vita serikali ilitaka viungane. Mimi nilikuwa msichana. Walikutana shuleni miezi na miezi, jina liwe letu, jina liwe lao. Siku moja baba yangu alimrushia shemeji yake birika la chai. Chai ya moto! Mwishowe ofisa mmoja akachukua nusu ya Fukase na nusu ya Kawado, akavishona pamoja. Kila mtu akanuna sawasawa, ikaitwa amani."

"Na huyo shemeji?"

"Alikuwa mume wa shangazi yangu. Shangazi aliolewa Kawado, ng'ambo tu ya mto ule. Ukisimama hapa unaiona nyumba yake. Baba alitukataza kwenda. Miaka sita. Nilikuwa namwona akianika nguo." Aligeuka kutoka dirishani. "Alinifundisha kushona, yule."

Alikwenda kuketi kwenye meza ya karani, ile ndogo ya babu yake, si ile kubwa. Alitoa karatasi na kalamu. Aliandika kwa muda mrefu, akikata na kuanza upya, na alipomaliza alitoa mfukoni muhuri wake mwenyewe, kile kijiti chenye jina ambacho kila Mjapani anacho cha kuwekea saini. Aliupulizia, akaukandamiza kwenye wino mwekundu, akaugonga.

"Si wa mkuu wa wilaya," aliniambia. "Ni wangu. Waambie ukweli."

Siku zilizobaki zilikwenda mbio. Bi Tomiko alinipitia kila asubuhi na kile kigari chake, anakiendesha kama anakimbiza mwizi, akinionesha nyumba za Okumi. Hii ya fulani, yuko Osaka. Hii ya fulani, alikufa. Hii ina nyani ndani. Kwenye kitongoji chake zimebaki nyumba tatu zenye taa. Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi stesheni. Treni ilipoanza kutembea alipaza sauti, "Marahaba!" akiamini ni neno la kuagana. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Nyumbani nilifika Jumatano, na Jumamosi saa nne mkutano ukaitishwa darasani. Sijawahi kuona mahudhurio kama yale. Wa Juu walikaa kushoto, wa Chini kulia, njia katikati. Mzee Ruhuza akanipa nafasi.

Nilianza na ukweli: mkuu wa wilaya hayupo, hajakuwepo tangu enzi za babu zetu, na aliyejibu ni bibi anayetunza funguo. Minong'ono ikaanza. Mtu wa Chini akasema, "Sasa hilo si jibu." Mzee Bikorwa, akiwa amekaa, akauliza, "Muhuri upo?" Nikauinua juu. "Basi soma."

Nikasoma, kwa Kiswahili alichonitafsiria Haruka.

"Kwa watu wa Rubanga. Mkuu wa wilaya hayupo, mnisamehe. Wilaya yetu haina ofisi wala askari. Ipo kwenye anwani na midomoni mwetu, na sisi tukiisha na yenyewe itakwisha. Mnauliza jina ni la nani. Sisi tuligombea jina, tukapata nusu. Nilidhani ni jambo kubwa. Leo waliogombana wote wamekufa, watoto wao wako mijini, na mimi ndiye ninayekumbuka nani alimrushia nani birika. Asubuhi nyingine natamani mtu mmoja wa Kawado aje mlangoni kwangu anitukane. Sijui jina ni la nani. Najua nilimwona shangazi yangu ng'ambo ya mto miaka sita bila kumwamkia. Ninyi bado mko wengi. Tembeleaneni kwanza, jina mtaliita baadaye. Tomiko, mtunza funguo."

Nje nilisikia mbuzi. Nilimtazama Mzee Ruhuza, alikuwa akitazama meza.

Mzee Bikorwa akasimama. "Kijiji chetu bado tunakitaka," alisema. "Zahanati haijasogea. Hilo sijabadilika." Wa kushoto wakaitikia. "Lakini jina mimi nimelichoka. Sisi tuwe Rubanga Juu, wao Rubanga Chini. Ndivyo tunavyoitana miaka yote."

"Hilo mbona tungeliamua tangu zamani?" Mzee Ruhuza akasema.

"Zamani nilikuwa na hasira nanyi." Akamgeukia. "Ninayo bado. Siku ile hukupanda, Ruhuza."

Mzee Ruhuza alivua kofia. Nilidhani atajitetea, ana maneno mengi yule. Alisema tu, "Sikupanda. Niliona aibu, halafu siku zikapita, aibu ikawa kubwa zaidi." Akatoka mbele, akavuka ile njia ya katikati, akampa mkono. Mzee Bikorwa aliutazama mkono muda mrefu mno, kisha akaupokea.

Kura ikapigwa kwa mikono, Juu na Chini, nikaandika kwenye muhtasari. Nimekuwa mtendaji miaka mingi, na nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kijiji ni ramani, muhuri na mpaka unaojulikana. Huko Okumi niliviona vyote vitatu, vimetunzwa vizuri na kung'arishwa kwa nta, na hapakuwa na mtu wa kumwambia rudi nyumbani jioni imefika. Makelele ya mikutano yetu sitayalalamikia tena. Ndiyo dalili kwamba tupo.

Nilikuwa nataka kufunga mkutano, Mzee Bikorwa akanyoosha mkono tena.

"Mtendaji, huyo bibi mwandikie. Mwambie aje. Anatamani mtu wa kumtukana mlangoni, huku tutampatia hata kumi."

Darasa zima lilicheka, kushoto na kulia pamoja, na sikumbuki mara ya mwisho kusikia kicheko cha namna hiyo mle ndani. Mzee Ruhuza akafuta macho, akasema bibi atafikia kwake, maana kwake kuna choo kizuri na ni karibu na barabara. Mzee Bikorwa akasema haiwezekani, bibi ni mtu wa milimani, atafikia Juu. Mama mmoja wa Chini akasimama kuuliza huko Juu watamlisha nini. Wa Juu wakasimama wote.

Nikafunga daftari langu, nikakaa chini, nikawaacha wagombane.